Kadi Ichaguliwe Mwisho

Fakulte inapoketi kuandika orodha ya vifaa vya maabara ya lugha, mara nyingi mashine ndiyo inayotangulia. Kompyuta ya aina gani, skrini ya ukubwa gani, programu ya nani. Somo lenyewe linafika mwishoni, kama mgeni aliyechelewa akakuta chakula kimekwisha. Katika kurasa hizi natetea utaratibu wa kinyume: tuanze na sauti zetu na maandishi yetu, na mashine ichaguliwe mwisho. Nitafanya hivyo kwa kupitia kisa cha kifaa ambacho leo hakitumiki tena madarasani, yaani kadi ya kuwekelea video, iliyowashughulisha walimu wa lugha wa Marekani na Ulaya tangu katikati ya miaka ya 1980 hadi mwanzo wa miaka ya 1990. Nimechagua kifaa kilichokwisha zikwa kwa makusudi. Mambo ambayo yamefika mwisho wake husomeka vizuri kuliko yale ambayo wauzaji bado wako mlangoni.

Turudi katika miaka ile. Kompyuta ya mezani haikuweza kuonyesha picha zinazotembea. Ilijua herufi, mistari na rangi chache. Picha zilikaa kwenye diski ya leza, sahani ya kung'aa yenye kipenyo cha sentimeta 30. Diski iliyotengenezwa kwa ajili ya mafunzo ilibeba hadi fremu 54,000 kwa kila upande, na kila fremu ilikuwa na namba yake. Kompyuta ilipeleka amri kwa waya: nenda kwenye fremu hii, cheza hadi fremu ile, simama. Diski ilikuwa pia na njia mbili za sauti, hivyo mwalimu aliweza kuweka mazungumzo ya kawaida kwenye njia ya kwanza na maelezo, au usomaji wa polepole, kwenye njia ya pili. Kwa mwalimu wa lugha ilikuwa kama kupewa mzungumzaji asiyechoka. Unamrudisha kwenye neno lile lile mara ishirini, naye hakasiriki.

Watu wa lugha walikuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo. Shirika la CALICO, linalowakusanya wafundishaji wa lugha wanaotumia kompyuta, lilianzishwa mwaka 1983 katika chuo kikuu cha Brigham Young, Utah. Kutoka chuo hicho hicho ilikuwa imekwisha tokea diski iliyoitwa Montevidisco, ambamo mwanafunzi wa Kihispania anatembea katika mji wa Mexico, anasemeshwa na wenyeji, na jibu analochagua linaamua atapelekwa wapi. Huko MIT, mradi wa Athena ulitoa hadithi mbili zilizojulikana sana. Katika No recuerdo, mwanasayansi mmoja mjini Bogotá amepoteza kumbukumbu. Katika À la rencontre de Philippe, iliyoongozwa na Gilberte Furstenberg na kuchapishwa na Yale University Press mwaka 1993, kijana mwandishi wa habari amefukuzwa na mchumba wake mjini Paris, na mwanafunzi anapaswa kumsaidia kupata nyumba. Lazima asikilize simu, asome matangazo, aelewe lafudhi za watu mbalimbali. Asipoelewa, Philippe analala nje. Mtu akiniuliza kama mashine inaweza kufundisha pragmatiki, humwonyesha mfano huo.

Tatizo lilikuwa moja: picha iko kwenye televisheni, maandishi yako kwenye kompyuta. Njia rahisi ilikuwa kuweka skrini mbili kandokando. Njia ya pili ilikuwa kununua kadi ya kuwekelea, kipande cha elektroniki kinachochomekwa ndani ya kompyuta ili picha ya diski na maandishi ya kompyuta vikae kwenye skrini moja, maandishi yakiwa juu ya picha. Hapo ndipo maswali ya uchaguzi yalipoanza, kwa sababu kadi hizo hazikuwa za namna moja.

Tuzigawe katika makundi mawili, maana tofauti yake si ya mafundi peke yao. Televisheni huchora picha kwa mistari inayopishana: kwanza mistari ya witiri, kisha mistari ya shufwa. Katika Ulaya ilikuwa mistari 625 na fremu 25 kwa sekunde. Marekani mistari 525 na fremu 30 hivi. Kompyuta zenye skrini ya VGA, iliyotoka mwaka 1987, zilichora mistari yote kwa mfululizo, bila kupishana, na kwa kasi karibu mara mbili ya televisheni. Ni kama wapiga ngoma wawili wenye mapigo tofauti. Ili wacheze pamoja, lazima mmoja amfuate mwenzake.

Kundi la kwanza la kadi lililazimisha kompyuta ifuate televisheni. Mafundi waliita njia hiyo jenloki. Ilikuwa ya bei nafuu kuliko ile nyingine, na matokeo yake yaliweza kurekodiwa moja kwa moja kwenye kanda ya video. Ndiyo sababu ilipendwa na watu wa televisheni, waliotaka kuandika majina chini ya picha. Kundi la pili lilifanya kinyume. Kadi iliipokea picha ya televisheni, ikaigeuza kuwa tarakimu, ikaihifadhi katika kumbukumbu yake, kisha ikaitoa tena kwa mapigo ya kompyuta. Hapo televisheni ndiyo iliyofuata. Picha iliweza kupunguzwa ikakaa katika dirisha dogo, au kugandishwa, na herufi zilibaki na ukali wake wa kawaida. M-Motion ya IBM na DVA-4000 ya Video Logic zilikuwa za kundi hili. Gharama yake ilikuwa kubwa zaidi.

Katika mjadala wa namna hii sifa zinazotangulia ni zile zinazoonekana haraka: rangi ngapi, dirisha linabadilishwa ukubwa au la, picha inapita bila kukwama au la. Ni sifa za picha zote hizo. Lakini mtu wa lugha anapoitazama skrini hiyo, kazi yake iko katika maandishi. Kwake swali la kwanza lilipaswa kuwa hili: herufi zangu zitasomeka?

Na hapa kundi la kwanza lilishindwa vibaya. Chukua mstari mwembamba wa mlalo wenye unene wa pikseli moja. Katika picha ya mistari inayopishana, mstari huo unaonekana katika zamu moja na kutoweka katika zamu inayofuata, yaani unaonyeshwa mara 25 tu kwa sekunde. Jicho linauona ukipepesuka. Mchoro mkubwa haudhuriki sana. Herufi ndogo zinadhurika, na kinachodhurika zaidi katika herufi ni vile vijistari vinavyokaa juu ya vokali. Anayesoma Kifaransa anatafuta kama ni é au è. Anayesoma Ciluba kilichoandikwa kwa alama za toni anahitaji kujua sauti inapanda au inashuka, kwa sababu toni ndiyo inayotenganisha maana. Kwa mtazamaji wa matangazo alama hiyo ni pambo. Kwetu ni sehemu ya neno, na kadi inayoifanya ipepesuke ni sawa na mwalimu anayekohoa kila anapofika kwenye vokali.

Tatizo la herufi lilikuwa na sura nyingine. Skrini za zamani za rangi za IBM zilichora kila herufi katika kijisanduku cha pikseli 8 kwa 8. Humo herufi kubwa inajaa hadi juu; ukitaka kuivika alama, lazima uikate kichwa. VGA ilitoa kijisanduku chenye urefu wa pikseli 16, na hapo alama ikapata mahali pa kukaa. Tena, orodha ya kawaida ya herufi za kompyuta za IBM, iliyojulikana kwa namba 437, ilikuwa na É kubwa lakini haikuwa na È wala À kubwa. Orodha ya 850 iliziongeza. Lakini ɔ ya Lingala, ile o pana ambayo wataalamu wanaiandika kwa herufi yake yenyewe, haikuwamo katika 437 wala 850. Aliyetaka kuweka Lingala sahihi juu ya picha alilazimika kuzichora herufi mwenyewe, pikseli kwa pikseli, katika hali ya michoro. Kazi hiyo iliwezekana kwenye VGA. Kwenye kijisanduku cha 8 kwa 8 ilikuwa mateso.

Kuna jambo la tatu, dogo kwa sura, ambalo linaonyesha jinsi uamuzi wa fundi unavyoweza kuingia katika lugha. Kadi ilijuaje mahali pa kuonyesha picha na mahali pa kuonyesha maandishi? Njia ya kawaida ilikuwa kuteua rangi moja kuwa kioo. Popote kompyuta ilipopaka rangi hiyo, picha ya diski ilionekana. Popote palipokuwa na rangi nyingine, maandishi yalibaki. Basi, kama rangi iliyoteuliwa ni nyeusi, na wewe umeandika herufi nyeupe zenye kivuli cheusi ili zisomeke vizuri, kivuli kinageuka tundu na shati la msemaji linaonekana kupitia humo. Kadi nzuri ilimwachia mwalimu achague rangi ya kioo, na programu nzuri iliweka utepe wa rangi moja nyuma ya maandishi. Yote hayo yalikuwa maswali ya kuulizwa kabla ya kulipa, na aliyepaswa kuyauliza ni mtu wa lugha. Fundi hakuwa na sababu ya kuyafikiria.

Kwa hiyo mtu akinibana na kuniuliza ningechagua nini mwaka 1990, jibu langu liko wazi: kadi ya kundi la pili, hata kama pesa ilitosha kwa mashine tatu badala ya sita. Na kama pesa haikutosha kabisa, ningechagua skrini mbili bila kadi yoyote, kuliko kadi ya jenloki. Najua pingamizi la hapo. Skrini mbili zinagawanya macho ya mwanafunzi. Akitazama midomo ya Philippe hasomi, akisoma haoni midomo. Ni pingamizi la kweli, na ndiyo sababu kadi ilikuwa na thamani. Lakini mwanafunzi aliyegawanyika macho bado anapata maandishi sahihi. Mwanafunzi mwenye skrini moja na herufi zinazopepesuka anaumia macho, na anajifunza kubahatisha.

Nchi kama yetu ilikuwa na sababu ya ziada. Ufaransa na Zaire ya wakati ule zilitumia mfumo wa SECAM katika televisheni, na diski za leza zilitengenezwa kwa PAL au NTSC. Aliyepanga kuweka televisheni ya kawaida ya hapa kando ya kompyuta angepata picha isiyo na rangi kama diski ni ya PAL, au hata picha isiyotulia kama ni ya NTSC. Kadi ya kundi la pili yenye uwezo wa kupokea mifumo hiyo ilifuta ugomvi huo, kwa sababu picha iliishia kwenye skrini ya kompyuta, ambayo haina utaifa. Mwenye kusoma orodha ya bei peke yake asingeliona jambo hilo.

Hadi hapa nimezungumza juu ya kusomeka. Sasa nije kwenye hoja iliyonifanya niandike. Kadi ya kuwekelea ilikuwa na sifa moja ambayo matangazo hayakuihubiri. Diski ya leza haikuandikika tena. Ukishaitengeneza kiwandani, kosa lililomo linabaki humo. Lakini maandishi hayakuwa kwenye picha. Yalikaa kwenye disketi au kwenye diski ya kompyuta, na kadi iliyaleta juu ya picha wakati wa kuonyesha tu. Mwalimu aliyegundua jioni kwamba amenukuu vibaya neno la mzee aliweza kulisahihisha usiku huo huo, na asubuhi wanafunzi wakasoma neno sahihi juu ya picha ile ile. Aliweza kuweka maandishi ya namna tatu: neno kwa neno kama lilivyotamkwa, kisha tahajia sanifu, kisha tafsiri. Mwanafunzi alibonyeza na kuchagua, au aliyazima yote akasikiliza tu. Picha ilikuwa mali ya kiwanda. Maandishi yalikuwa mali ya mwalimu.

Faida hiyo ilipatikana kwa sharti moja, kwamba maandishi yawe kweli ni ya mwalimu. Na hapo ndipo kosa kubwa la zama zile lilipotokea. M-Motion ilichomekwa katika nafasi za Micro Channel za kompyuta za PS/2 za IBM; haikuingia katika kompyuta za mtindo wa zamani wala katika zile za washindani zilizofuata mtindo huo. Kila mtengenezaji alikuwa na lugha yake ya amri. Somo lililoandikwa kwa ajili ya InfoWindow, ile skrini ya kugusa ya IBM ya mwaka 1986, halikuendeshwa na kadi ya kampuni nyingine isipokuwa kadi hiyo ilijifunza kuiga InfoWindow. Ilibidi wafanyabiashara wenyewe, kupitia chama chao cha IMA, watoe mwaka 1990 mapendekezo ya amri za pamoja ili masomo yaweze kuhama kutoka mashine moja hadi nyingine. Yalikuwa mapendekezo mazuri, ila yalifika jioni. Mwaka 1991 Apple ilitoa QuickTime, mwaka 1992 Microsoft ikatoa Video for Windows, na kompyuta ikaanza kuonyesha picha zinazotembea yenyewe, ndogo na mbaya mwanzoni, bila diski ya leza wala kadi ya kuwekelea. Maktaba nzima za masomo zikabaki zinasubiri mashine zisizotengenezwa tena.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni mradi wa Domesday wa BBC. Mwaka 1986 Waingereza waliadhimisha miaka 900 tangu ile hesabu ya ardhi na watu iliyofanywa mwaka 1086 kwa amri ya mfalme William. Zaidi ya watu milioni moja, wengi wao wanafunzi wa shule, walichangia maandishi, ramani na picha za maisha yao. Kazi hiyo iliwekwa kwenye diski mbili za leza, ziendeshwe na kompyuta ya BBC Master na kichezeo maalumu cha Philips. Baada ya miaka kumi na mitano hivi ilikuwa vigumu kupata mashine inayoweza kuzisoma, wakati kitabu cha ngozi cha mwaka 1086 kinasomeka hadi leo. Mwaka 2002 watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan waliziokoa kwa kuandika programu inayoigiza mashine ya zamani. Mwaka 2011 BBC iliweka sehemu ya jamii kwenye intaneti. Uokozi uliwezekana kwa jasho la watu wengi na pesa za taasisi kubwa. Sisi nani atatuokoa?

Wapo watakaosema kwamba hakuna aliyeweza kuyaona hayo mapema, na kwamba mwalimu wa mwaka 1988 alikuwa na wanafunzi mbele yake, si watafiti wa mwaka 2002. Nakubali nusu. Hakuna aliyejua ni kadi ipi itakufa kwanza. Lakini kila mtu aliweza kujua kwamba kadi itakufa, kama mashine zote. Kwa hiyo swali la busara halikuwa "kadi ipi itadumu?" Lilikuwa "kadi hii ikifa, nitabaki na nini mkononi?" Mwalimu aliyekuwa na maandishi yake katika faili la kawaida, pamoja na jedwali la namba za fremu, alibaki na somo. Yule ambaye maandishi yake yalifungwa ndani ya programu ya muuzaji alibaki na sahani ya kung'aa ya kutundika ukutani.

Hata jedwali la fremu lilitaka uangalifu. Tuseme sentensi moja inaanza kwenye fremu 12,340 na kuisha kwenye fremu 12,415. Kwa diski ya PAL, yenye fremu 25 kwa sekunde, sentensi hiyo inaanza baada ya dakika 8 na sekunde 13 na nusu hivi, na inachukua sekunde 3. Kwa diski ya NTSC namba zile zile zinaelekeza kwenye dakika 6 na sekunde 51 hivi, na sentensi inakuwa ya sekunde 2 na nusu. Aliyeandika namba bila kuandika mfumo alimwachia mrithi wake fumbo. Mstari mmoja juu ya jedwali ungetosha.

Wasomaji wapendwa, na nyinyi wakubwa wetu walimu, kadi imekufa lakini uchaguzi haujafa. Leo tunarekodi kwa simu. Tunakwenda Kasenga, Kipushi, au hapa hapa mtaani, tunawanasa wazee, wahubiri, wacheza mchezo wa kuigiza, kisha tunaweka maandishi juu ya picha. Na wengi wetu tunayachoma maandishi hayo ndani ya picha yenyewe, kwa programu ya simu, kwa sababu yanapendeza na ni rahisi kuyatuma. Tumefanya kile ambacho kadi ya mwaka 1990 ilikataa kufanya. Mzee amesema kwa Kiswahili cha Lubumbashi, chini yake tumeandika sanifu, na sasa vitu viwili hivyo haviwezi kutengana. Atakayekuja kusoma ngeli za mzee yule atakuta tumemsahihisha bila ruhusa yake, na hana namna ya kuyaondoa maandishi yetu. Mwanafunzi mwenzangu akikosea toni moja, kosa limechomwa kama chapa ya ng'ombe.

Vivyo hivyo inapokuja habari ya kununua au kupokea maabara iliyokamilika, inayohifadhi kila kitu ndani ya programu yake yenyewe. Nasikia wanaosema kwamba maskini hawezi kuchagua zawadi. Wahenga walikwisha wajibu: mwomba chumvi huombea chungu chake. Anayeomba anapaswa kujua chungu chake kinahitaji nini. Sisi chungu chetu ni rekodi za lugha za nchi hii, na mahitaji yake yanaweza kuandikwa katika ukurasa mmoja. Kwanza, mfumo uonyeshe herufi zetu zote na alama zote za toni, katika ukubwa wa kawaida wa kusoma, na ujaribiwe mbele yetu kwa ukurasa wa Ciluba na wa Lingala kabla ya karatasi kutiwa sahihi. Pili, maandishi yakae nje ya picha, katika faili la kawaida la Unicode ambalo mashine yoyote inaweza kulifungua. Tatu, kila sentensi iwe na muda wake wa kuanza na wa kuisha, na kipimo cha muda kiandikwe. Nne, sauti na picha ziweze kutolewa nje ya mfumo bila kumwomba muuzaji. Baada ya hayo manne tuzungumze rangi, ukubwa wa skrini na bei.

Masharti hayo hayahitaji utajiri. Programu ya ELAN, iliyotengenezwa katika taasisi ya Max Planck mjini Nijmegen kwa ajili ya watu wa kazi kama yetu, inatolewa bure, inapanga maandishi katika ngazi nyingi chini ya rekodi moja, na faili lake linasomeka hata bila programu yenyewe. Kinachokosekana kwetu ni kanuni ya fakulte. Napendekeza kwamba hakuna kazi ya mwisho wa masomo yenye rekodi itakayopokelewa bila faili la maandishi lililo peke yake, kando ya karatasi iliyofungwa kitabu.

Anayedhani kwamba nadai jambo la kigeni, akumbuke Vocabulaire de la ville d'Elisabethville. André Yav aliiandika mwaka 1965, kwa Kiswahili cha mji huu, na ilitoka kwa taipu. Mwaka 1990, wakati wafundishaji wa ng'ambo wanabishana juu ya kadi, Johannes Fabian aliichapisha upya. Kwa msaada wa Kalundi Mango maandishi yale yalisomwa kwa sauti na kunukuliwa tena, yakapewa tafsiri, na Walter Schicho akaongeza maelezo ya kiisimu. Maandishi ya Yav yalibaki kama alivyoyaacha. Usomaji wa Mango uko kando yake, tafsiri iko kando yake, na maelezo yako kando yake. Asiyekubaliana na unukuzi anaweza kurudi kwenye asili na kubishana. Ndiyo ngazi zile zile ambazo kadi ya kuwekelea iliahidi, zikiwa kwenye karatasi, na zinasomeka hadi leo. Tuanze na rekodi za mwaka huu, kabla hazijachomwa.